Joto la Kudhania

Siku nyingi, kipimajoto cha karakana yetu Port Reitz
husema thelathini na tatu,
na rubani huiambia injini: arobaini na nane.
Ni uongo wa halali, una jedwali lake na muhuri,
huambiwa mashine ili idhani hewa imechemka kuliko ilivyo,
isitoe yote iliyo nayo,
ibakize pumzi ya kesho.

Nilipofundishwa hilo nilicheka darasani.
Mama yangu, mkaanga mahamri wa Magongo,
alitulea kwa hesabu hiyo hiyo:
"Unga umebaki kibaba kimoja," kumbe pipani mna vitatu.
Tukala kwa adabu.
Mwezi ukaisha kabla ya pipa.

Leo lakini hakuna kudhania.
Ndege imejaa hadi kiti cha mwisho,
maharusi na jamaa zao wanarudi Kisumu,
na chini, masanduku ya kambamti kwenye barafu.
Upepo umelala. Lami inameta kama kikaango.
Rubani Tsuma ametaka nguvu zote,
na nguvu zote zina saa yake: dakika tano,
si zile za mtu anayesema "niko njiani"
na huku bado anatafuta kiatu.
Hizi zinahesabiwa na chuma.

Nimesimama nje ya karakana, kidole juu ya saa.
Najua kilichomo mle:
mapanga yasiyozidi kiganja cha mtoto
yamesimama katika moto unaoweza kuyayeyusha,
na hayayeyuki, kwa kuwa yametobolewa vitundu
vyembamba kama ncha ya sindano,
na kila kitundu kinapuliza shuka la hewa
kati ya panga na mauti.
Shuka tu.

Mngurumo unapita juu ya mabati ya Mikindani.
Dakika moja. Moja na nusu.
Kisha sauti inalegea, ghafla,
na najua huko juu kuna bibi ameshika mkono wa jirani yake,
anasoma dua, anadhani wanaanguka.
Hapana, bibi. Wenzo umerudishwa nyuma kidogo.
Hapo ndipo inapopumua.

Jioni rekodi zikaja. Mstari mwekundu ni mia tisa na hamsini.
Joto lilifika mia tisa hamsini na nne,
likakaa huko sekunde kumi na moja.
"Kumi na moja tu," akasema Bwana Lali, msimamizi,
"na kesho alfajiri ina safari ya Entebbe.
Mbeyu, ukiandika, italala hapa."
Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa ameshika simu mbili, zote zikiita.

Nikamkumbuka mama.
Sisi alituficha unga ili tufike;
yeye mwenyewe hakujiambia hata siku moja
uongo wa kujihurumia.
Saa tisa za usiku, karai, moshi,
miaka ishirini na sita ya nguvu zote,
na hapakuwa na mtu wa kuurudisha wenzo wake.
Siku aliyoanguka kando ya jiko
daktari aliuliza, "Ilianza lini?"
Tukatazamana, watoto watano wazima.
Hakuna aliyekuwa ameandika.

Nikafungua daftari la ndege.
Kalamu ilikataa mara mbili kwa jasho.
Nikaipuliza, nikaipangusa kwenye ovaroli,
nikaandika saa, nikaandika joto,
nikaandika kumi na moja kwa tarakimu,
kumi na moja kwa maneno,
kisha nikaenda kutafuta tochi na ngazi.